Kopo Lisilokung'utwa: Kwa Nini Mashine ya Kuchomelea Inapasua Transista

UMEME KARAKANANI – Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi mashine ndogo za kuchomelea, zile ambazo fundi anabeba begani kutoka mtaa wa Kenya hadi mtaa wa Katuba, zinavyokatakata umeme mara 50,000 kwa sekunde ili transfoma nyepesi ifanye kazi iliyokuwa ya transfoma nzito. Leo tuangalie kifaa kidogo kinachoilinda mashine hiyo isijiue: pete ya kupimia mkondo.

Kijana mmoja, fundi, aliniletea saketi iliyoungua. "Papa," akasema, "nimeweka transista mpya nne. Nilipogusisha bageti, yaani fimbo ya kuchomelea, kwenye chuma, zote zikapasuka." Alikuwa amezinunua kwa pesa ya chakula cha nyumbani. Ndiyo sababu nasema jambo hili si la wanafunzi wa vyuo peke yao.

Tuliweka saketi juani. Pembeni mwa transfoma kubwa palikuwa na pete nyeusi, ndogo kuliko kizibo cha soda, iliyozungushiwa waya mwembamba mizunguko 100. Katikati yake unapita waya mmoja mnene wa shaba, na mkondo wote wa transista hupita humo. Pete hiyo ni feraiti, unga wa oksidi ya chuma uliochanganywa na manganizi na zinki, kisha ukaokwa kama chungu. Watu wa Katanga hatuna haja ya kuyaona madini hayo kuwa mageni. Zinki inachimbwa hapo jirani Kipushi, katika mgodi uliofunguliwa mwaka 1924, ukasimama 1993, na kuanza tena kuzalisha 2024. Manganizi imechimbwa Kisenge, upande wa Lualaba.

Kazi ya pete ni rahisi kueleza. Ampea 20 zikipita katikati, waya mwembamba hutoa sehemu ya mia, yaani ampea 0.2. Hizo hupitia daiodi na rezista ya omu 5, na hapo inapatikana volti 1. Chipu inayoongoza mashine husoma volti hiyo, na ikifika 1 huzima transista papo hapo.

Lakini kila mara pete inapopima, inabaki na sumaku. Mama muuza unga wa bukari analijua jambo hili vizuri. Akipima kwa kopo bila kulikung'uta, unga ulioganda chini unapunguza nafasi, na mteja wa kumi anaondoka na unga pungufu ingawa kopo limejaa. Pete nayo lazima ikung'utwe kila mzunguko kabla ya kupima tena.

Kanuni ya kukung'uta ni hii: volti ukizidisha kwa muda wakati wa kupima, lazima zilingane na volti za kinyume ukizidisha kwa muda wa mapumziko. Tupige hesabu ya mashine ya kijana. Wakati wa kupima, waya mwembamba una volti 1 ya rezista na volti 0.7 ya daiodi, jumla 1.7. Transista ikiwaka kwa mikrosekunde 9, tunapata 15.3. Ikipumzika mikrosekunde 11, volti 1.4 za kinyume zinatosha. Volti hizo hutengenezwa na rezista ya pili, iliyofungwa moja kwa moja kwenye ncha za waya mwembamba, kabla ya daiodi. Daiodi hufunga njia ya kupimia, na sumaku iliyobaki humwagikia kwenye rezista hiyo.

Hapo unaelewa pia kwa nini pete ya namna hii haifai kupima mkondo usiokatika. Laini ya Inga hadi Kolwezi, iliyoanza kazi mwaka 1982, inasafirisha umeme wa mkondo wa mwelekeo mmoja kwa kilomita 1,700. Mkondo wa namna hiyo hauipi pete nafasi ya kupumua.

Sasa turudi kwa kijana. Nilimwuliza kama alibadilisha kitu kingine. Akanionyesha chipu. Ya zamani ilikuwa UC3844; sokoni alipata UC3842, yenye miguu ileile, mpangilio uleule, na inayowaka kwa volti zilezile. Akadhani ni ndugu mapacha. Tofauti yao imo ndani. Ile 3844 huruka pigo moja kati ya mawili, kwa hiyo transista haiwaki zaidi ya nusu ya muda. Ile 3842 hairuki. Mikrosekunde 9 za kuwaka zilibaki 9, lakini mapumziko yakashuka kutoka 11 hadi 1.

Rudi kwenye hesabu: 15.3 sasa zinataka kumwagwa ndani ya mikrosekunde 1, maana yake volti 15.3 za kinyume. Rezista ya kukung'utia ilichaguliwa kwa mapumziko marefu, haiwezi. Sumaku ikalundikana pigo baada ya pigo mpaka pete ikashiba. Pete iliyoshiba haihamishi tena mkondo kwenda kwenye waya mwembamba, na volti ya kipimo inaanguka. Chipu ikaona mkondo mdogo, kumbe ndio unapanda, ikaacha transista ziwake. Transfoma kubwa nayo, yenye kiini kinachohitaji mapumziko yaleyale, ikashiba. Hapo transista hazikuwa na mlinzi.

Wenzangu mafundi, kabla hamjanunua transista nyingine, someni namba ya chipu hadi tarakimu ya mwisho, pimeni daiodi ya pete, na msiing'oe ile rezista ndogo inayoonekana haina kazi. Kijana alirudisha 3844 na transista nne. Tulijaribu kwanza kupitia balbu ya wati 100 iliyounganishwa kwenye njia ya umeme. Iliwaka kidogo, ikafifia. Jioni hiyohiyo alimalizia geti la jirani yake.

Sehemu ya tatu: jinsi ya kuchagua rezista ya kukung'utia bila kuiumiza daiodi.