Aliyeichonga Endingidi Hii ni Nani?

Ndani ya fidla nyingi za Ulaya kuna kikaratasi chenye jina la fundi. Luby, mji mdogo wa Ucheki, ulifungua shule ya kutengeneza fidla mwaka 1873. Nasi Kampala tuna fidla yetu, endingidi, ila jina la aliyeichonga hatulijui.

Ala hii si ya kale kama ngoma za Kabaka, mfalme wa Buganda. Klaus Wachsmann, mtafiti aliyesimamia Jumba la Makumbusho la Uganda, aliandika kwamba ilianza kuonekana Buganda karibu na mwaka 1907. Leo hupigwa kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, kana kwamba imekuwepo tangu enzi za Kintu, Kabaka wa kwanza katika masimulizi.

Fundi hukomba kipande cha mti hadi kiwe mzinga mfupi ulio wazi pande zote mbili. Upande mmoja anauwamba ngozi mbichi. Hapo ndipo penye kazi: ikilegea, sauti hufifia, ikikazwa mno, hupasuka inapokauka. Kisha hutoboa ubavu wa mzinga na kupitisha fimbo ya shingo. Uzi ni mmoja tu, zamani wa katani, siku hizi nailoni, nao hupita juu ya kidaraja kidogo kilichokaa kwenye ngozi. Uta umepinda kama wa kuwindia, na nyuzi zake hupakwa utomvu mkavu ili zishike.

Mpigaji hakandamizi uzi kwenye shingo kama wapiga fidla wafanyavyo. Anaugusa kwa vidole ukiwa hewani. Kwa hiyo fundi lazima aache nafasi ya kutosha kati ya uzi na fimbo, nafasi ambayo nyingi zinazouzwa kwa watalii mjini hazina. Hizo ni mapambo, na zinaua ufundi, kwa sababu mnunuzi haulizi sauti.

Wapigaji tunawakumbuka. Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri aliyefanya kazi pale makumbusho, aliunganisha ala mbalimbali za Kiganda katika kundi moja, endingidi ikiwemo, na jina lake limo vitabuni. Waliomchongea ala hawamo.

Ukienda kununua endingidi, mwombe muuzaji aipige kwanza. Ikilia vizuri, uliza fundi ni nani, kisha mtake aichome jina lake kwenye mzinga kwa chuma cha moto. Na umlipe bei yake.