Herufi Tano, Sauti Ishirini: Irabu za Kiingereza na Mtoto wa Kipsigis

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo walimu wa shule za msingi katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet hukutana nalo kila siku, lakini ambalo mara nyingi hufafanuliwa kinyume na lilivyo. Mwanafunzi huandika katika insha yake, “My father leaves in Kericho.” Alikusudia kusema kwamba baba yake anaishi Kericho, Mwingereza akisoma ataelewa kwamba baba huyo anaondoka. Mwalimu hupiga mstari mwekundu, na katika chumba cha walimu husemwa maneno yale yale: lugha ya mama imewaharibu watoto hawa ndimi, hawawezi kusikia tofauti kati ya “live” na “leave”.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa watoto hao. Alilazwa kifudifudi juu ya dawati kwa ajili ya “ship” na “sheep”, yaani meli na kondoo, na kwa miaka mingi aliamini kwamba masikio yake yana kasoro. Alipokwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili katika isimu ndipo alipotambua kwamba tofauti aliyoadhibiwa kwa kutoisikia alikuwa akiitamka nyumbani kwao tangu alipojua kusema. Ni jambo hili tunalotaka kulieleza.

Idadi ya irabu

Tuanze na hesabu. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina herufi yake: a, e, i, o, u. Kwa sababu hiyo mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili huzoea kuamini kwamba herufi na sauti ni kitu kimoja. Kiingereza nacho kina herufi hizo hizo tano, lakini matamshi sanifu ya kusini mwa Uingereza, kwa hesabu ya jadi, yana irabu ishirini: kumi na mbili sahili, na nane ambazo ulimi huanza mahali pamoja na kumalizia pengine, kama katika “day” na “boy”.

Je, Kikipsigis kina irabu ngapi? Muulize msomi yeyote wa Kericho, naye atajibu bila kusita kwamba ni tano, kwa sababu vitabu vyetu huandikwa kwa herufi tano. Jibu hilo si sahihi. Wanaisimu waliochambua lugha za Kikalenjin wameonyesha kwamba kila moja ya herufi hizo tano hubeba irabu mbili. Ya kwanza hutamkwa mzizi wa ulimi ukiwa umesukumwa mbele, hata koo likapanuka. Ya pili hutamkwa bila msukumo huo. Hizo ni irabu kumi. Zaidi ya hayo, irabu huweza kuwa fupi au ndefu, na urefu huo hubadili maana. Kumi mara mbili ni ishirini. Basi lugha hizi mbili, zisizo na undugu wowote, zinafanana kwa jambo moja: kila moja inavisha irabu ishirini nguo tano.

Ushahidi wa “ker” na “keer”

Msomaji asiyejua Kikipsigis atataka mfano. Mzizi wa kitenzi chenye maana ya kufunga, kama kufunga mlango, ni “ker”. Mzizi wa kitenzi chenye maana ya kutazama au kuona ni “keer”. Mwandishi asiye na desturi ya kurudia herufi huandika yote mawili kwa namna moja, na msomaji huongozwa na muktadha. Lakini masikioni maneno haya hayakaribiani hata kidogo. La pili ni refu kuliko la kwanza, na pia koo hupanuka linapotamkwa.

Tena athari haikomei kwenye mzizi. Katika Kikalenjin irabu za neno moja hupatana. Mtu akisema kwamba alifunga, viambishi vinavyotangulia mzizi wa kufunga hubaki na irabu zao za koo la kawaida. Akisema kwamba aliona, mzizi wa kuona huvivuta viambishi vile vile navyo vitamkwe kwa koo lililopanuka. Mtoto wa miaka mitatu huko Sotik au Litein hutekeleza kanuni hii bila kukosea, na hakuna aliyemfundisha.

Sasa tuirudie “ship” na “sheep”. Irabu ya “sheep” ni ndefu zaidi, ulimi huinuka zaidi, na mzizi wake husogea mbele. Irabu ya “ship” ni fupi, na mzizi wa ulimi hausukumwi. Hali ni hiyo hiyo kwa “pool” na “pull”. Hatudai kwamba irabu za Kiingereza na za Kikipsigis ni zile zile. Lugha mbili hazifanani hivyo. Tunachodai ni kwamba mtoto wa Kipsigis tayari anayo mizani ya kupimia tofauti hiyo. Kilichoificha mizani ni maandishi. Alipoingia darasani aliambiwa kwamba irabu ni tano, akaamini, akaiacha mizani yake mlangoni.

Darasa la shamba la chai

Inafaa pia kukumbuka kwamba shule za nchi hii si za Wakipsigis peke yao. Tangu makampuni ya chai yalipoanza kupanda Kericho katika miaka ya 1920, mashamba hayo yamewavuta wachumaji kutoka pande nyingi za magharibi mwa Kenya, na Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi na ya mizani ya majani chai. Katika dawati moja huweza kukaa Mkipsigis mwenye irabu kumi bila kuhesabu urefu, Mluo mwenye irabu tisa, ambaye naye hutofautisha kwa mzizi wa ulimi, na Mkisii mwenye irabu saba. Mkisii huyo anazo “e” mbili na “o” mbili, lakini “i” yake ni moja na “u” yake ni moja. Wote watatu huandika kwa herufi tano. Mwalimu anayesema kwamba wanafunzi wake wote wana shida moja hajawasikiliza.

Mahali ambapo msaada haupatikani

Haki inatutaka tuseme pia kwamba lugha ya mama haisaidii kila mahali. Kiingereza kina kundi la irabu za katikati ya kinywa ambazo kwa Waafrika Mashariki wengi huangukia “a”. Maneno “hat”, “hut”, “heart” na “hurt” husikika kama neno moja. Tazama namna Kiswahili kilivyoyapokea maneno “shirt” na “skirt”. Irabu yake kwa Kiingereza ni moja, na hata tahajia yake ni moja. Lakini sisi tumepata shati na sketi. Sikio la Mswahili lilipokosa mahali pa kuiweka irabu ile, liliiweka mara katika “a”, mara katika “e”. Hapa hakuna njia ya mkato. Mwalimu hana budi kuonyesha midomo na ulimi vinakaa wapi, na kuyarudia maneno haya mawilimawili mpaka sikio lizoee.

Tahajia

Kuhusu tahajia, mtoto wetu hana hatia kuliko anavyodhaniwa. Akikutana na neno “name” kwa mara ya kwanza, hulisoma na-me, na darasa hucheka. Lakini katika karne ya 14, zama za mshairi Chaucer aliyefariki mwaka 1400, Waingereza wenyewe walilitamka kwa silabi mbili, na irabu ya kwanza ilikaribia “a” yetu. Baadaye, kati ya miaka ya 1400 na 1700 hivi, irabu zao ndefu zilihama: “a” ndefu ikasogea kuelekea “e”, “e” ikapanda kuelekea “i”, na “i” ikageuka kuwa “ai” kama katika “time”. Wakati huo huo William Caxton alikuwa amekwisha kuanzisha kiwanda chake cha uchapaji huko Westminster mwaka 1476, na herufi zikaanza kuganda huku sauti zikiendelea kusafiri. Mtoto anayesoma na-me si mjinga. Amechelewa karne sita tu.

Ni vema mwanafunzi aelezwe hivyo. Akijua kwamba “e” ya mwisho wa neno ni kaburi la silabi iliyokufa, atauona utaratibu uliopo katika “mat” na “mate”, “pin” na “pine”, “hop” na “hope”: e hiyo haisemi, lakini huitambulisha irabu iliyoitangulia. Maneno yafundishwe kwa jamaa zake, wala si moja moja kama majina ya wageni.

Hitimisho

Ripoti ya Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendelea Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ile ya Gachathi ya mwaka 1976 ikapendekeza lugha ya eneo la shule kwa miaka mitatu ya mwanzo. Mjadala huo umezoea kuiona lugha ya mama kama daraja ambalo mtoto huvuka na kuliacha nyuma. Tunapendekeza itazamwe pia kama chombo cha kazi. Kabla ya kuandika “ship” na “sheep” ubaoni, mwalimu wa Bomet na awaombe wanafunzi wake waseme kwa Kikipsigis, “funga”, kisha waseme, “tazama”. Awaache waweke kidole kooni wajichunguze. Kisha awaambie kwamba walichokisikia hapo ndicho Waingereza nao wanachokitumia.

Si lazima mtoto huyo azungumze kama mzaliwa wa London. Inatosha aandike kwamba baba yake anaishi Kericho, na asomaye aelewe kwamba baba yuko nyumbani. Zaidi ya hayo, inatosha ajue kwamba masikio aliyopewa na mama yake hayana kasoro.