Ombi la Mhusika Asiyetarajiwa katika Tamthilia ya Baraza

Tamthilia ya baraza, iliyoasisiwa na Augusto Boal (1931–2009) wa Brazili, humpa mtazamaji haki ya kusimamisha mchezo, kupanda jukwaani na kutwaa nafasi ya mhusika anayeonewa. Makala haya yanachunguza swali moja: mwongozaji afanyeje mtazamaji anapoomba uhusika usio wa kawaida?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mjini Goma unaigizwa mgogoro wa shamba, na mtazamaji mmoja anaomba awe mzimu wa babu aliyelilima shamba hilo. Kumkataa papo hapo ni kumrudisha katika ukimya ambao mchezo ulikusudia kuuvunja. Kumkubali bila masharti nako kuna hatari: mzimu aweza kutoa hukumu, na mgogoro ukaisha kimiujiza.

Kwa mujibu wa Boal, suluhisho linapoelekea muujiza, mwongozaji haamui peke yake, bali huwauliza watazamaji kama jambo hilo lawezekana maishani. Hivyo mzimu ataingia na kueleza ayajuayo kuhusu mipaka. Lakini walio hai ndio watakaopatana.

Sharti moja halina mjadala: mhusika asipewe jina la jirani halisi. Katika mji uliopokea wakimbizi wengi wa vita, jina lililotamkwa jukwaani humfuata mwenyewe hadi nyumbani.

Kwa hiyo, mwongozaji hana budi kuuliza kwanza ombi linataka kusema nini, ndipo aliamulie umbo lake.