Mtoto Anayeruka Hapotezi Wakati

 

Leo naanza na maneno yanayosikika karibu kila jioni kwenye ploti zetu: "Wewe, tulia! Kaa chini usome! Mbona unarukaruka kama tumbili?" Mtoto ametoka shuleni, mkoba ameutupa mlangoni, na sasa anabingirika juu ya kitanda, kichwa chini miguu juu. Mama amechoka, kitanda kilinunuliwa kwa pesa, na kesho kuna mtihani. Huyo mama namwelewa. Lakini hebu tuangalie kile mtoto anachofanya pale kitandani, kwa maana kina uhusiano mkubwa na huo mtihani.

Tuanze na sikio. Wengi tunajua sikio ni la kusikia tu. Ndani kabisa, kila sikio lina mifereji 3 midogo yenye majimaji. Kichwa kikiinama au kikizunguka, majimaji hayo husogea na kuujulisha ubongo kichwa kimeelekea wapi. Ubongo nao huyaongoza macho yasipoteze kile yanachotazama. Sasa mfikirie mtoto anayenakili kutoka ubaoni. Anatazama ubao, anainamia daftari, anainua kichwa tena kutafuta neno pale alipoliachia. Bila macho na usawa wa mwili kufanya kazi pamoja, atapotea kila mara. Usawa huo hukomaa kwa kubembea, kubingirika na kuzunguka. Haufundishwi kwa kuambiwa "angalia vizuri."

Kukaa kitako pia ni kazi ya misuli. Mtoto anayelala juu ya dawati, anayeshika kichwa kwa mkono na kugeukageuka, huitwa mvivu upesi sana. Huenda ni mgongo na tumbo lake ndivyo vimechoka. Hata penseli haishikwi kwa vidole peke yake, kwani bega lisipokuwa imara, mkono hutetemeka na herufi zikapanda na kushuka. Na bega hupata nguvu kwa kutambaa, kuning'inia kwenye tawi la mpera, na ule mchezo wa mkokoteni, ambapo mmoja hushikwa miguu akatembea kwa mikono.

Kazi hii huanza mapema. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2019, linashauri kwamba mtoto mchanga ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho kwa angalau dakika 30 kwa siku, kidogo kidogo. Mlaze juu ya leso au mkeka, nawe ujilaze mbele yake umwongeleshe. Akilia baada ya dakika 2, mwinue, mtarudia baadaye. Kumbuka, hiyo ni wakati yuko macho nawe unamtazama. Wakati wa kulala, mlaze chali.

Hapa niseme neno kuhusu woka, kile kiti chenye magurudumu. Mimi nilimnunulia kifungua mimba wangu, nikijua namsaidia atembee haraka. Siku moja alikisukuma hadi kwenye ngazi ya mlango, akaanguka nacho, na hadi leo ana alama kwenye paji la uso. Woka haimfundishi mtoto kutembea. Inaweza hata kumchelewesha, kwa sababu haimpi nafasi ya kujizoeza kusimama kwa usawa wake mwenyewe. Nchi ya Kanada ilipiga marufuku kuuzwa kwa vifaa hivyo mwaka wa 2004. Pesa hizo nunua mkeka.

Na tusishindanishe watoto. Shirika hilohilo lilifuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatolewa mwaka wa 2006. Watoto wenye afya nzuri walianza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 hivi na miezi 17 na nusu. Takribani 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kamwe, nao walikuwa wazima. Kwa hiyo jirani akikuambia wake alitembea na miezi 9, mpongeze, kisha uendelee na shughuli zako.

Mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji kusogeasogea kwa saa 3 kila siku, na katika hizo, saa 1 iwe ya kukimbia na kuruka mpaka ahemwe. Kuanzia miaka 5, ni wastani wa dakika 60 kwa siku za mchezo wa kutoa jasho. Hapa hatuhitaji vifaa vya bei. Kati, brikicho, kamba na blada vinatosha. Mtazame msichana anayengoja kuingia kwenye kamba inayozunguka: anahesabu, anasikiliza mdundo, anajizuia, anaingia kwa wakati wake. Kungoja zamu na kukumbuka mpangilio ndiyo mambo anayodaiwa na mwalimu. Kwa nini basi wasichana ndio wa kwanza kuitwa jikoni wakati kaka zao wangali uwanjani?

Nyumba ikiwa ni chumba kimoja, shusha godoro sakafuni, mbali na jiko na kona za meza. Mpe dakika 15 kabla ya kazi ya shule. Akibingirika mbele, kidevu kiguse kifua, mikono itangulie, mgongo uwe wa duara, ili uzito uende kwenye mabega, sio utosini. Kusimama kwa kichwa mkataze, shingo yake bado ni changa. Usimvute miguu kwa nguvu ati awe mwepesi. Mtoto mwenye selimundu acheze pia, ila anywe maji mara kwa mara na apumzike anapochoka. Mwenye ulemavu naye asifungiwe ndani. Mtaalamu wa viungo katika hospitali atakuonyesha namna ya kumchezesha.

Kuna dalili ambazo si za kungojea. Mtoto wa miezi 9 hawezi kukaa bila kushikiliwa. Miezi 18 imefika na hatembei. Mwili wake ni mlegevu sana au umekakamaa, au anatumia mkono mmoja tu kabla ya kufika mwaka. Miguu inazidi kupinda. Huenda ni matege, ambayo huwapata hasa watoto wasiotolewa juani. Na kubwa zaidi, alikuwa anaweza jambo fulani na sasa hawezi tena. Ukiona mojawapo ya hayo, chukua kile kijitabu chako cha kliniki cha mama na mtoto uende kituo cha afya. Usingoje tarehe ya chanjo, na muuguzi akikuambia "atatembea tu" bila kumpima, mwombe kwa upole ampime.