Mpingo Angani: Unajimu na Sayari Mpya

Mpingo huota polepole katika misitu ya Tunduru na Namtumbo, na mbao zake nyeusi huishia kuwa vinyago, zumari na klarineti. Tangu Desemba 2019 uko mpingo mwingine, huu wa angani. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ulipokuwa ukiadhimisha miaka 100 ya kuanzishwa kwake, ulizialika nchi zaidi ya 110 ili kila moja itoe jina kwa nyota moja na sayari inayoizunguka. Tanzania ilipangiwa nyota iliyojulikana kwa namba tu, WASP-71. Sasa nyota hiyo inaitwa Mpingo, na sayari yake inaitwa Tanzanite. Tanzanite ni jitu la gesi, zito kuliko Mshtarii zaidi ya mara mbili, na iko karibu sana na nyota yake hivi kwamba mwaka wake mzima hautimizi siku tatu.

Mpingo haumo katika makundi 12 ya nyota ambayo wanajimu huyatumia kusoma mambo ya watu, kuanzia Punda hadi Samaki. Upo katika kundinyota la Ketusi, yaani Nyangumi, nje ya mzunguko huo. Kwa mnajimu, basi, nyota iliyopewa jina la mti wa kusini mwa Tanzania haina la kusema juu ya Tanzania. Lakini vipo vitu vingine vilivyogunduliwa angani ambavyo unajimu umevipokea na kuvipa kazi, na historia ya mapokezi hayo inaonyesha vizuri jinsi utabiri wa nyota unavyotengenezwa.

Mjini Songea, kama kwingineko nchini, utabiri huo hauko mbali na watu. Huja gazetini, huja redioni, na siku hizi huja zaidi kwenye simu. Mkulima anayesubiri kujua mahindi yatanunuliwa kwa bei gani, mzazi anayesubiri matokeo ya kidato cha nne, na kijana anayetaka kujua uchaguzi utaleta nini, wote wana sababu ya kweli ya kutamani kuona mbele. Kwa miongo kadhaa sauti iliyojulikana zaidi katika kazi hiyo ilikuwa ya Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki 20 Mei 2011. Wateja wake walitoka pande zote za Afrika Mashariki, na utabiri wake wa siasa ulichapishwa kurasa za mbele.

Elimu aliyoitumia ina nasaba ndefu. Makuhani wa Babeli waliandika ishara za angani kwa ajili ya wafalme. Ptolemaio wa Aleksandria alizipanga katika kitabu karne ya 2. Abu Ma'shar, aliyezaliwa Balkh mwaka 787 na kufanya kazi Baghdad, alifundisha kwamba dola na mila hubadilika kwa kufuata mikutano ya Mshtarii na Zohali, ambayo hutokea kila baada ya miaka 20 hivi. Mafunzo ya aina hiyo yalivuka bahari pamoja na vitabu vya falaki na kupata makazi katika mwambao wa Waswahili. Yote yalijengwa juu ya vitu saba vinavyoonekana kwa macho: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Kisha tarehe 13 Machi 1781 William Herschel, mwanamuziki aliyehamia Uingereza kutoka Ujerumani, aliona kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe kitu ambacho hakikuwa nyota. Kilikuwa sayari, Uranus. Hesabu ya saba ikavunjika. Wanajimu waliokuja baadaye waliitazama tarehe hiyo, wakaona iko kati ya vita vya uhuru wa Marekani na mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, wakaamua kwamba Uranus ni sayari ya mapinduzi. Neptune ilipoonekana 1846 ilipewa jina la mungu wa bahari wa Warumi. Mwaka huohuo madaktari wa Boston walionyesha hadharani upasuaji wa mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa etha. Neptune ikakabidhiwa bahari, ndoto na usingizi.

Pluto ni mfano ulio wazi zaidi. Clyde Tombaugh aliigundua Arizona tarehe 18 Februari 1930. Jina lilipendekezwa na Venetia Burney, msichana wa miaka 11 wa Oxford, alipokuwa akipata kifungua kinywa na babu yake. Yeye alifikiria mungu wa kuzimu wa hadithi za kale. Miaka michache baadaye Hitler alishika madaraka Ujerumani, na elementi mpya iliyotambuliwa mwaka 1941 ikaja kuitwa plutoniamu kwa heshima ya sayari hiyo. Elementi hiyo ndiyo iliyojazwa katika bomu lililoangushwa Nagasaki mwaka 1945. Unajimu ukaunganisha vipande hivyo na kuifanya Pluto mtawala wa kifo, nguvu zilizofichika na maangamizi. Lakini mnyororo huo ulianzia kwenye jina, na jina lilitoka mezani kwa mtoto. Je, mtoto yule angetaja mungu wa mavuno, wanajimu wa leo wangesoma nini katika Pluto?

Utaratibu huo umeendelea. Kitu kidogo kilichogunduliwa 1977 kiliitwa Chiron, kama tabibu wa hadithi za Wagiriki, nacho sasa husomwa kuwa alama ya majeraha na uponyaji. Eris, iliyogunduliwa 2005 na timu ya Mike Brown, ilipewa jina la mungu wa ugomvi, nayo ikakabidhiwa migogoro. Wakati huohuo zipo asteroidi mbili zilizogunduliwa Johannesburg mwaka 1933 na Cyril Jackson, zikaitwa Kenya na Uganda. Asteroidi zinazojulikana sasa zimepita milioni moja, na ni chache mno kati yake zinazopewa nafasi katika ramani ya nyota. Vigezo vya kuchagua havijulikani.

Lipo pia suala la muda. Watetezi wa unajimu husema elimu yao imepimwa kwa uzoefu wa vizazi vingi. Kwa Mshtarii, inayolizunguka Jua kwa miaka 12, dai hilo linaweza angalau kuchunguzwa. Pluto huchukua miaka 248. Tangu 1930 haijamaliza hata nusu ya safari moja. Eris huhitaji zaidi ya miaka 550. Hakuna mwanadamu aliyekwisha kuona zikirudia sehemu ileile angani, seuze kulinganisha mizunguko miwili.

Matukio ya dunia nayo husomwa kwa njia hiyohiyo ya kuanzia mwisho. Tarehe 12 Januari 2020 Zohali na Pluto zilionekana mahali pamoja angani. Gonjwa la korona lilipoenea, mkutano huo ulitajwa kila upande kuwa ndio ulioleta msiba. Mwanzoni mwa Februari 1962 ilikuwa kinyume. Jua, Mwezi na sayari zote tano zinazoonekana kwa macho zilikusanyika sehemu moja ya anga, na nchini India umati wa watu ulifanya ibada kuzuia mwisho wa dunia uliokuwa umetabiriwa. Siku zikapita kama siku nyingine. Mkutano wa 2020 unakumbukwa, wa 1962 umesahaulika.

Tanzania ina mfano wake. Kuelekea uchaguzi wa 2010 Sheikh Yahya alitangaza kwamba atakayempinga Rais Jakaya Kikwete ndani ya chama chake atakufa ghafla. Kikwete alipitishwa kuwa mgombea pekee wa CCM. Utabiri huo haukupata nafasi ya kujaribiwa, kwa kuwa hakuna aliyefika mbele ya vikao kushindana naye. Wala nyota hazihitajiki kueleza hali hiyo: ni desturi ya muda mrefu ya chama hicho kumwachia rais aliye madarakani amalize vipindi viwili.

Anga hutabirika, na wakazi wa Ruvuma wamelishuhudia hilo. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete. Miaka mingi kabla, wanahisabati walikuwa wamekwisha kuandika kwamba kivuli kitapita kusini mwa Tanzania katika ukanda wenye upana wa kilomita 100 hivi, na kwamba kilele chake kitakuwa mashariki ya Songea, upande wa Tunduru, saa 6 na dakika 7 mchana, pete ikidumu dakika 3 na sekunde 6. Ikawa hivyo. Maelfu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa waliowaelimisha wananchi namna ya kutazama bila kuumiza macho. Songea mjini, palipo kusini ya ukanda huo, jua lilimegwa likabaki kama hilali.

Neptune yenyewe ilipatikana kwa hesabu. Uranus ilikuwa ikiyumba kidogo katika njia yake, na Urbain Le Verrier wa Paris akakokotoa kwamba kuna sayari isiyojulikana inayoivuta. Alimwandikia Johann Galle wa Berlin amwelekeze pa kuangalia. Usiku wa 23 Septemba 1846 Galle aliiona Neptune chini ya nyuzi moja kutoka pale alipoelekezwa. Le Verrier alikuwa amejiweka mahali ambapo angeweza kuumbuka, na hapo ndipo utabiri wake unapotengana na ule wa gazetini.

Unajimu nao umewahi kuwekwa kwenye mtihani. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, akawataka wayape alama kutoka 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja, yenye sentensi alizozikusanya kutoka kitabu cha unajimu. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambamo wanajimu 28 waliochaguliwa kwa sifa zao walilinganisha ramani za kuzaliwa na maelezo matatu ya tabia, moja tu likiwa la kweli. Walipatia karibu mara moja katika kila tatu, kiwango ambacho mtu angekipata kwa kubahatisha.

Kutilia shaka nyota hakukuletwa na maabara za kisasa. Mwanawe Mtume Muhammad, Ibrahim, alipofariki, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Wanafalaki hulihesabu tukio hilo kuwa la 27 Januari 632. Mtume aliwakatalia, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo wala kwa uhai wa mtu yeyote. Karne mbili kabla yake Agostino wa Hippo alikuwa ameuliza kwa nini pacha waliozaliwa saa moja huishi maisha tofauti. Mskitini Tunduru au kanisani Peramiho, hoja hizo zinafahamika.

Vitu vya angani vinavyotugusa kweli hutugusa kwa njia nyingine. Jioni ya 16 Desemba 1938 kimondo kiliangukia Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa takriban gramu 700 tu, lakini ni cha aina adimu hivi kwamba kundi zima la vimondo limebeba herufi ya kwanza ya jina la kijiji hicho. Chombo cha Japani Hayabusa2 kiliporudi Desemba 2020 na gramu 5 hivi za mchanga kutoka asteroidi Ryugu, wanasayansi walikuta unafanana sana na jiwe la Ivuna: madini yaliyowahi kukaa ndani ya maji, na mchanganyiko wa elementi unaokaribiana na wa Jua lenyewe. Humo inatafutwa historia ya jinsi maji na kaboni zilivyofika duniani.

Kupatwa kwingine kwa umbo la pete kumepangwa kupita Tanzania tarehe 21 Mei 2031. Mtoto wa Songea anayejifunza kugawanya mwaka huu atakuwa sekondari siku hiyo, katika umri wa kuelewa hesabu za mizingo. Shule zina muda wa kutosha kutafuta miwani salama, kumfundisha kuchora njia ya kivuli kwenye ramani, na kumwachia aandike mwenyewe, kabla ya siku yenyewe, saa na dakika anayotarajia kuona jua likianza kumegwa.