Mushahara unaoishia ku mulango wa banki

Kila mwisho wa mwezi tunaona jambo moja, ikuwe mu Kolwezi, ikuwe mu Likasi. Watumishi wanapanga mulongo mbele ya mashini ya banki. Pembeni anasimama mutu moja, hana haraka. Mu mufuko wake kuko karti za banki kumi, kumi na tano, na kila karti iko na namba yake ya siri imeandikwa ku kakaratasi. Yeye njo anaingia, anatosha mushahara wa mwenzetu, anakata yake, kiisha anamupatia ile inabakia. Watu wanamuita "banki lamberi".

Siye wa sendika kazi yetu ni kupigania mushahara, na hatutaiacha. Hatuandiki haya ili wakubwa wa kampuni waseme: muliona, feza inawaenea, ninyi njo hamujui kuitumikisha. Hapana. Mushahara wa wengi ni mudogo, na wale wa kampuni za sutretansi wanajua zaidi yetu. Lakini tunajua watumishi wawili wa ekipi moja, mushahara moja, watoto karibu hesabu moja. Mumoja anafika tarehe 30 bunga ingali mu nyumba. Mwengine tarehe 10 ameisha kukopa. Mara mingi tofauti haiko pombe (juu ya pombe mapadri na wachungaji walisema mingi, tunawaachia). Tofauti ni lamberi, na ni meka.

Tuanze na lamberi. Tuseme umekamata dola 100, na mwisho wa mwezi utarudisha 150. Ukishindwa, unalipa paka ile 50, na ile 100 inabakia. Ukifanya vile miezi 4, umetoa dola 200, na deni iko palepale kama siku ya kwanza. Hakuna kampuni, hata ile mbaya kabisa, inayoweza kutukata namna ile bila siye kusimamisha kazi.

Watu hawakopi kwa upumbafu. Mutoto anagonjwa usiku. Kilio kinaanguka, na mutu hawezi kufika mikono mitupu. Mwezi wa tisa masomo yanafunguliwa: tangu 2019 shule ya musingi ya serikali ni bure, lakini mutoto wa sekondari anaomba feza yake, na viatu havikuwa bure hata siku moja. Tena kuko wale wanaolipwa kwa kuchelewa. Code du travail ya 2002 inaomba mushahara ulipwe kila mwezi, na mutumishi apewe karatasi inayoonyesha hesabu yake. Kama kampuni inachelewesha, usikimbilie lamberi mbele ya kuona delege wako. Muache delege agonge mulango wa biro. Ni kwa ile mulimuchagua. Uliza kwanza avansi ku kampuni: kule wanakata ile walikupatia, hawaongezi kitu.

Na yule ambaye karti yake iko tayari mu mufuko wa mwengine? Deni ni deni, tusidanganyane. Lakini kupana karti na namba ya siri ni kupana mushahara muzima. Wenzetu walioweza kutoka walienda na shahidi, mara mingi mukubwa wa familia, wakaandika ku karatasi: deni ni ngapi, italipwa mara ngapi, na faida inasimama leo. Si kila lamberi anakubali. Wengi wanakubali, juu wanapenda kulipwa polepole kuliko kukimbiwa.

Sasa meka. Mama anayenunua bunga kwa meka kila siku analipa zaidi kuliko yule ananunua saki ya kilo 25, kila mutu anayetembea ku soko anajua. Ni vile vile na makala ya kaplastiki. Hatuwezi kumwambia mama "nunua saki" kama bwana anamuachia franga ya siku moja. Na hapa tuseme wazi, hata kama ndugu zetu wanaume watakasirika: mu nyumba mingi bibi hajui bwana analipwa ngapi. Anapewa kidogo kidogo, anaombaomba, kiisha wanamusema hajui kuchunga. Atachunga nini? Ile karatasi ya mushahara iwekwe ku meza, wote wawili waisome, na mbele ya kitu chochote bunga ya mwezi itoke.

Wazee wetu hawakuwa na hii shida, kwa sababu Union Minière, na nyuma yake Gécamines, ilikuwa inapana posho. Bunga ilikuwa inafika mu nyumba, nyumba ilikuwa ya kampuni, hospitali na masomo pia. Mushahara ulikuwa wa nguo na kinga. Ile desturi ilibakia mu mikono yetu, posho haiko tena. Mu 2003, wakati watumishi 10 655 wa Gécamines walitoka na ile waliita "départ volontaire", wengi walishika feza mingi mara moja mu maisha yao, bila mutu wa kuwaonyesha namna ya kuigawanya ku miaka. Bana yao njo siye tuko mu mine leo.

Kwa hiyo mu manyumba fulani wamama walianza likelemba ya mahindi, na tunaona ni muzuri kuliko ile ya feza. Namna yake ni hii. Nyumba kumi zinatoa kila mwezi franga sawasawa, kuanzia mwezi wa kwanza. Mahindi yanavunwa kuanzia mwezi wa ine, na mu mwezi wa tano na wa sita bei inashuka. Pale wanatuma watu wawili, si mumoja, ku mashamba na gari ya kupanga, wananunua masaki ya mahindi, wanagawanya. Kila nyumba inasaga kidogo kidogo, kwa sababu bunga haikawii, mahindi makavu yanakawia. Yawe makavu kabisa, yawekwe juu ya mbao, si chini ku simenti. Mahindi yenye ukungu yatupwe hata kama roho inauma, yanaharibu maini. Mwezi wa kwanza na wa pili, wakati bei inapanda, ao Zambia imefunga njia na Kasumbalesa haipitishe kitu, wale hawakimbii.

Kulikuwa makelele, tusifiche. Kikundi kimoja kilivunjika kwa sababu feza ilikopeshwa mbele ya kununua, kwa mutu wa kilio, na haikurudi. Tangu pale wengine waliweka sheria: feza ya mahindi haikopeshwe, hata kwa kilio. Kwa kilio kuko sanduku ingine, ndogo. Feza inachungwa na mama mumoja, daftari na mama mwengine, na kila mwisho wa mwezi hesabu inasomwa mbele ya wote. Nyumba ikishindwa mwezi moja, haifukuzwe: itapata mahindi kwa hesabu ya ile ilitoa.

Wenye kutaka kuanza mwezi wa kwanza, watafute nyumba zingine tisa tangu sasa, na wachague wa daftari mbele ya kukusanya hata franga moja.