Vumbi la Mgodi na Mtoto Mchanga

Katanga ni nchi ya madini. Katika udongo wake mna shaba na kobalti. Shaba hutengeneza nyaya za umeme, na kobalti hutiwa katika betri za simu na za magari ya umeme. Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na baba wengi wamewalisha watoto wao kwa mshahara wa mgodi. Lakini mgodi hutoa pia vumbi. Vumbi huingia nyumbani, huanguka juu ya mboga, na huingia mwilini kwa pumzi na kwa chakula.

Chumvi kidogo hukoleza mboga, ikizidi, huiharibu. Kobalti nayo ni vivyo hivyo. Kidogo sana imo ndani ya vitamini B12, ambayo mwili huihitaji ili kutengeneza damu. Ikizidi, ni sumu. Jicho haliwezi kujua kama imezidi, lazima kupima.

Kazi hiyo ya kupima aliishika Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, mtaalamu wa sumu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji. Walianza na mkojo, kwa maana mwili hutoa katika mkojo sehemu ya madini yaliyouingia. Mwaka 2009 walitangaza waliyoyaona. Watu waliokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali. Tena watoto walikuwa nayo nyingi kuliko watu wazima. Watoto hucheza chini, kisha hutia mikono kinywani.

Likabaki swali kubwa: je, mtoto aliye bado tumboni mwa mama yake? Tangu Machi 2013 hata Februari 2015, wataalamu hao waliwachunguza watoto wachanga 138 wa Lubumbashi waliozaliwa na vilema, na wengine 108 wasio na kilema, ili kuwalinganisha. Walipima damu na mkojo wa mama, damu ya kitovu, na vumbi la nyumbani.

Mwaka 2020 walitoa matokeo. Mtoto ambaye baba yake alifanya kazi ya madini alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kilema. Lakini mama wa watoto wasio na kilema nao walikuwa na madini mengi mwilini. Kwa hiyo wataalamu hawakusema kwamba kobalti peke yake ndiyo iliyoleta vilema. Mtaalamu wa kweli husema alichopima. Hazidishi, wala hapunguzi.

Kazi hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, mtoto akizaliwa na kilema, tusimcheke, wala tusimsingizie mama yake uchawi au laana. Yeye ni kiumbe cha Mungu kama sisi. La pili, usafi ni ngao. Baba atokaye mgodini avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumpakata mtoto. Nasi tunawe mikono kabla ya kula.

Maswali
1. Vumbi la mgodi huingiaje mwilini?
2. Kwa nini wataalamu walipima pia watoto wasio na kilema?
3. Tumtendeeje mtoto aliyezaliwa na kilema?